Friza ya Garmai

Fundi alipocheka, ndoo ya maji ilimponyoka Ma Yamah ikamwagika jikoni kote.

"Pole, Ma. Nimekushtua?" Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friza, maji yakamlowanisha mpaka mapajani.

"Mikono ya uzee tu, mwanangu."

Uzee gani! Kicheko kile kinachoanza kama kikohozi alikisikia mara moja tu maishani. Ilikuwa wakati wa vita, kwenye kizuizi cha kamba, abiria walipokuwa wakishushwa lorini na kupangwa kando ya mtaro. Wote walilia. Mmoja akacheka. Kisha risasi zikarindima, watu wakaangukiana, na mbwa wakala siku tatu.

Sasa kicheko hicho kimeingia nyumbani kwake, Monrovia, kikiwa na mkoba wa bisibisi. Kinaitwa Varfee. Akimtambua, basi: kwaheri nyumba, kwaheri kwaya, kwaheri wajukuu.

Yote haya kwa ajili ya friza! Garmai, binti yake, aliituma kutoka Marekani, na mama kwa furaha akaichomeka ukutani. Kwa nini asiichomeke? Soketi za nyumba hizi za zamani ni za Kimarekani, matundu mawili bapa, na plagi iliingia bila matata. Ilinguruma kidogo, ikatoa moshi.

"Hapo ndipo wazee mnapoponzwa," alisema Varfee. "Matundu ni ya kabla ya vita, umeme ni wa baada ya vita. Kitu hiki kinataka volti mia na kumi, ukutani zinatoka mia mbili na zaidi. Mota nimeshabadilisha. Nikifunga na hii transfoma, itakula nusu yake tu. Ila Ma, ile swichi kubwa mlangoni usiiguse mpaka niseme. Nimeshika waya mtupu huku."

"Nani, mimi? Siigusi."

Varfee alinyanyua kichwa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Sura yako, Ma... Vita ilikukuta wapi?"

"Msituni. Nilijificha kama kila mtu."

"Eti kila mtu!" Akacheka tena. "Liberia nzima ilijificha. Sasa nani alikuwa anapiga risasi? Mimi sura za siku zile sizisahau. Ngoja nimalize hapa, nitakukumbuka tu."

Akazirudia waya zake, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto. Kutoka alipo Ma Yamah mpaka mlangoni ni hatua tano. Alizipiga polepole, akaipandisha swichi.

Varfee hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Umeme ulimbana taya, ukamkunja mgongo, ukambamiza kichwa kwenye friza, mara ya kwanza, mara ya pili, damu ikaruka mpaka ukutani. Viganja vikaanza kunuka nyama. Swichi ikajizima yenyewe. Akaanguka kifudifudi, akatweta, akageuza jicho moja kumtafuta.

"Ma..."

Ma Yamah akaipandisha tena. Ikajizima. Akaipandisha mara ya tatu, na alipoona visigino vimeacha kupiga sakafu, akaishusha mwenyewe, akatapika kwenye sinki. Halafu akapiga ukunga uliosikika mtaa mzima.

Majirani walijaa. "Umeme wa mji huu utatumaliza!" mmoja alifoka. Lorpu, wa kwaya, alimkumbatia Ma Yamah kwa nguvu. "Shukuru Mungu hukumshika, Ma. Ungekufa naye."

Ma Yamah alilia kwa kwikwi, na machozi yalikuwa ya kweli. Woga wa miaka mingi ulikuwa unamtoka. Hakubaki tena mtu hai hata mmoja wa kando ya mtaro ule, aliyewahi kumwita Jenerali, akimsihi asifyatue.