Zamu ya Uji

Mtaani kwa kina Mwanaidi hakuna tena mzee anayeachwa peke yake. Kila asubuhi mashine ya mtaa hupanga nani akamlishe nani, na haimpangii mtu mzazi wake, ili pasiwe na upendeleo. Mwanaidi mwenyewe alinyoosha mkono kuipitisha sheria hiyo, miaka mitatu sasa.

Leo anamnywesha uji Mzee Shomvi huku akichungulia ng'ambo ya uchochoro, dirisha la kwao. Mwanamke asiyemjua anampangusa mama yake mdomo kwa upole, wala Mwanaidi hana la kumlaumu.

"Mama, wewe hunywi uji wa sukari!" Mwanaidi akapaza sauti alipomwona yule mwanamke akitia sukari bakulini.

Mama akameza, akaomba aongezwe.

"Mwanangu," mama akamuuliza yule mwanamke, "hivi yule ni binti wa nani?"