Wimbo Chini ya Kidole Gumba

Fundi Murugi alikuwa ameisugua kwa raba, kuisafisha, kadi ya memori ya kompyuta aliyoletewa na bibi kizee mmoja, ameibadilishia nafasi, mpaka akachoka. Kompyuta hiyo ya kizamani ilikubali kufanya kazi tu alipoikandamiza kadi kwa kidole gumba.

Wimbo ambao marehemu mume wa bibi huyo, shosho kama walivyomwita, aliutunga kwenye mashine hiyo ukaanza kulia, mwembamba kama sauti ya mbu. Wambea wa mji wa Chaka waliojaa dukani mwa Murugi wakasogea kusikiliza.

"Ndiye huyo," shosho akasema. "Tangu tumzike sijamsikia."

"Shosho, nikiachilia inazima. Na kadi kama hii haipatikani tena."

"Basi usiachilie."

Wimbo ukaisha. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi, ukingo wa kadi umekichora mstari mwekundu.

Shosho akasogeza kiti karibu. "Rudia tu, mama."

Murugi akabadilisha kidole.