Njuguna Amfariji Jirani

Tuseme mapema ili asisingiziwe mwingine: siku hiyo mjinga alikuwa Njuguna. Nani huingia kwenye shamba la chai asubuhi ya umande na viatu vya ngozi? Kabla hajafika mbali, soksi zilikuwa zinalia kama vyura.

Lakini hakutukana. Zamani angetukana viatu, umande, na fundi aliyevishona. Sasa alisimama, akafumba macho, akavuta pumzi, akaiachia polepole.

Hakuwa na njia nyingine. Mkewe, Nyathira, alikuwa amerudi juzi juzi kutoka kwa dada yake kule Ndanai, alikokimbilia kupumzisha masikio. Alirudi kwa sharti moja: siku Njuguna atakapofoka tena, amfokee mtu, ng'ombe au redio, yeye anafunga mzigo na safari hii harudi. Njuguna, muuza misumari na mabati pale Kaplong, aliijua hasira yake vizuri, akaitafutia dawa kwenye simu. Huko akakutana na mtawa wa Kibudha, kipara kinang'aa, sauti kama maziwa vuguvugu, akifundisha kwamba tunaumia kwa sababu ya kung'ang'ania vitu ambavyo havikuwa vyetu hata mara moja. Njuguna akanasa. Kanisani walipomuuliza kama amehama dini, alisema hapana, amechukua kupumua tu.

Shida yake ni kwamba hawezi kujua jambo akanyamaza. Mteja anakuja kununua kufuli, anaambiwa mali ni moshi. Ule mstari wa mikaratusi kati ya chai yake na ya jirani yake, Eucabeth, aliuangusha wote ukawa kuni, akawaeleza wapasuaji kwamba mpaka uko vichwani mwa watu, ardhini hakuna kitu. Wapasuaji walikubali, kwa kuwa chai ilikuwa imeiva.

Mambo ya shamba yalikuwa ya Nyathira. Asubuhi hiyo alimwambia mumewe atangulie, yeye atamfuata na wachumaji. Njuguna akapita katikati ya ukungu akipumua. Ukungu ulipopasuka, alijikuta mbele ya shamba lililokatwa lote. Si kuchumwa, kupogolewa, hadi magotini, vijiti vitupu, kijani chote kimelala chini. Chai ikikatwa hivyo, mwenyewe hukaa miezi bila jani la kupeleka kituoni kuuza.

Eucabeth alikuwa ameketi palepale kwenye matawi, leso kichwani, analia. Phelix, fundi aliyemwajiri, alikuwa amesimama mbali kidogo, mashine ya kupogoa ameikumbatia kifuani kama ngao.

Njuguna alielewa mara moja. Juzi tu Eucabeth alikuwa amemwambia anataka kupogoa kipande kile kilichozeeka. Kumbe huyu bwana amefagia kila kitu.

Phelix alianza kujitetea. Ukungu, alisema. Yeye ni mtu wa Soin, huku ni mgeni, na hakuona cha kumwambia asimame. Njuguna akamnyamazisha kwa kiganja, taratibu, vile mtawa anavyofanya.

"Baba Shirley," Eucabeth akasema, "hata sijui nianzie wapi."

"Anza na pumzi, Mama Apiyo."

Akavuta pumzi, ikamkwama, akakohoa, akalia upya. Akasema kosa ni lake, ndiye aliyemwacha Phelix peke yake akaenda kukamua ng'ombe. Akasema mwenye shamba akilipuka, yeye hana pa kuficha uso.

Njuguna aliguswa. Jairus, mume wa Eucabeth, alikuwa zamu kiwandani, na watu walimsifu kwa upole. Lakini ya nyumba nani anayajua? Yeye Njuguna mwenyewe, si kanisani alikuwa akiitwa mpole?

"Mwenye shamba ni nani?" akauliza, kidole juu. "Hakuna mwenye shamba, mama. Kuna shamba, na kuna mtu anajisumbua bure juu yake."

Eucabeth aliacha kulia. Alimtazama kama mtu aliyesikia ng'ombe akimsalimia.

"Kwa hivyo wewe hii haikukasirishi?"

"Inikasirishe kwa nini? Majani yalikuja, yameenda, yatarudi. Na huyu Phelix asiguswe. Mtu akimgombeza juu ya hii chai, ajue amenigombeza mimi."

Phelix akauliza, kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala, kama mzee angeweza kuyarudia hayo mbele ya mashahidi. Njuguna aliona ni haki yake. Tena bahati ilikuwa upande wake, maana Nyathira alikuwa ameshatokea pale juu njiani, wachumaji nyuma yake na vikapu mgongoni, mkono wake uko mdomoni.

Njuguna akayarudia yote, neno kwa neno, kwa ile sauti ya maziwa, akihakikisha linalopaswa kumfikia mkewe limemfikia. Yamekwisha. Hakuna wa kulaumiwa. Atakayeinua sauti ndiye mwenye makosa. Mchumaji mmoja, Chepchumba, alijipangusa jicho. Eucabeth akaishika mikono ya Njuguna yote miwili, akasema hakujua kama Mungu bado anaumba watu wa namna hii. Phelix hakungoja chai. Alishaiweka mashine begani na kukata kona.

Nyathira alikuwa anamtazama mumewe kwa macho ambayo Njuguna hakuwa ameyaona tangu wiki ya harusi, na Njuguna akahisi kifua kinampanuka.

"Usisimame hapo, Mama Shirley," akamwambia kwa upole. "Peleka watu kwetu waanze kuchuma. Mimi namalizia kumfariji jirani."

"Wachume nini, Baba Shirley?" Nyathira akasema. "Shamba ya Mama Apiyo ndiyo ile ya kijani."