Mikono Iliyohama

Mama Mikono aliweka viganja mgongoni mwa fundi cherehani, akamsubiri atoe pumzi, kisha akasukuma kwa uzito wake wote.

Kimya. Hakuna mfupa uliolia.

"Rudia, mama," fundi alisema, uso umezama kwenye mto.

Akarudia. Kimya vilevile. Fundi akaketi, akazungusha shingo huku na huku, akavaa viatu bila kumtazama. Mwanamke huyu alikuwa akija kunyooshwa tangu mimba yake ya kwanza. Ndiye aliyembandika jina hilo la Mama Mikono.

"Nitapitia kwa binti yako," alisema akiwa mlangoni. "Usininunie, mwenzangu. Kule mifupa inaitika."

Wateja walikuwa wanamhama mmoja mmoja tangu bintiye amalize chuo na kufungua chumba chake mtaa wa pili. Hali ikiendelea hivyo, yeye angefunga chake. Na kilichomkera ni kwamba alimfungulia njia mwenyewe: alimpa mapazia, mataulo, mafuta, hata kitanda chake cha mbao, yeye akajinunulia cha chuma.

Afadhali binti angekuwa na majigambo, apate sababu ya kumsema. Hana.

"Kunyoosha mgongo kunasaidia kidogo, mama," alimwambia walipokuwa wakila. "Kuna ambao mazoezi tu yangewatosha."

"Chuo kimekuharibu. Watu wameingia kwangu wamepinda, wametoka wamenyooka."

"Sijakataa. Nauliza tu ni nini kiliwanyoosha."

"Hii." Mama Mikono akainua viganja vyote viwili juu ya sahani. Binti akacheka, akamwongezea mchuzi.

Asubuhi moja shingo ya Mama Mikono ikagoma kugeuka kushoto. Aliisugua mwenyewe, akaipaka mafuta, akaitukana. Wapi. Ikabidi ameze kiburi na kwenda mtaa wa pili. Shingo ilikuwa kisingizio kizuri pia: angeiba kwa macho, ajue mtoto anaweka kidole wapi ambapo yeye hakiweki.

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Fundi cherehani alikuwepo, ghafla akaona kitu cha kuvutia sana kwenye kucha zake.

"Mpisheni mama yangu aanze," binti alisema, akamwingiza ndani. "Lala kifudifudi. Nanawa mikono, nakuja."

Akafunga pazia, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama Mikono akajipandisha polepole kwenye kitanda chake cha zamani. Taulo lilikuwa limejikunja chini ya kifua. Akajigeuza ubavu alivute.

Kra.

Akageuza shingo kushoto aone ni nani amemgusa. Hapakuwa na mtu. Uani, maji ya bomba yalikuwa bado yanachuruzika.

Akabandika kiganja kwenye mbao za kitanda. Kisha, taratibu, akajigeuza upande wa pili.

Kra, kra.

Nje ya pazia, benchi zima likashusha pumzi.

"Mmesikia?" alisema fundi cherehani. "Huyo ameshapona."