Choa cha Sutapa

Shangazi wa mchumba alikuwa ameinua kipande cha pili cha sandesh, kitamutamu cha maziwa, kukipeleka mdomoni, akakirudisha sahanini. Sutapa alikuwa ameinama kumwekea chai, na pindo la sari likamteleza begani. Shingoni, chini kidogo ya sikio, palikuwa na choa.

"Binti mzuri," alisema shangazi, akijifuta vidole. "Tutaleta jibu."

Jibu halikuja. Huko Krishnanagar jibu lisilokuja ndilo jibu lenyewe.

Haripada, babake Sutapa, alikuwa karani wa tiketi kwenye kituo cha reli, na kustaafu kulikuwa kunabisha hodi. Alitaka jambo moja tu kabla ya hapo: kumwoza binti yake. Sutapa naye alikuwa na lake, mwaka uliobaki wa chuo cha ualimu kule Kolkata.

"Utasomea kwa mumeo," Haripada alimwambia.

"Kwa mume nitasomea nini, Baba? Mapishi?"

Nirupama, mamake, alikusanya vikombe. Alipotazamwa yeye zamani na akina Haripada, alitembezwa sebuleni, akafunguliwa nywele zionekane urefu, na kitabu chake cha jiografia kikabaki wazi mezani. Hakukifungua tena. Haripada alipenda kuwasimulia wageni habari ya kitabu hicho. Aliiona inachekesha.

Basi akampeleka bintiye kwa daktari wa ngozi. Mtu aliyekaa maisha yake nyuma ya dirisha la tiketi ni mtu wa kanuni, na Haripada alirudi na kanuni zote kichwani.

"Nisikilizeni. Panaoshwa, panakaushwa kabisa, ndipo inapakwa krimu. Nyembamba tu, hatupaki siagi. Asubuhi na jioni, na unapaka mpaka nje ya ukingo, maana fangasi hutangulia kabla wekundu haujaonekana. Kikipotea usiache, endelea wiki mbili. Watu wakiona pametakata wanaacha, halafu wanamlaumu daktari. Na taulo lake asiguse mtu."

Kazi ya kupaka alimwachia mkewe. Yeye alisimama mlangoni na kutoa maelekezo.

Mama Khokon, jirani, alileta tyubu yake mwenyewe. "Shemeji, mpake hii. Siku mbili tu, huoni kitu."

"Hiyo ina dawa kali ya kuficha wekundu," alisema Haripada. "Juu kinatulia, chini kinatambaa. Binti wa kina Mondol si alipakwa hiyo? Ngozi yake sasa kama ganda la kitunguu."

"Haya, bwana daktari," alisema Mama Khokon, akaondoka na tyubu yake.

Subira huvuta heri. Choa kilipona, wiki za nyongeza zikaisha, na wageni wa pili wakaitwa. Asubuhi Haripada aliikagua shingo ya bintiye mwenyewe, ikawa safi. Alasiri Sutapa akaleta chai, pindo likateleza, na upande wa pili wa shingo palikuwa na doa jekundu la mviringo. Babake mchumba akakumbuka kwamba basi lao huondoka mapema.

"Ni hii mvua na jasho la hariri," alisema Nirupama walipobaki peke yao. "Nimeshampaka dawa."

Haripada hakuridhika. "Lakini kile kilikuwa chekundu mpaka katikati. Choa hakiwi hivyo. Choa ukingo ndio mwekundu, katikati pamekwisha kupona, pasafi."

"Kumbe?" alisema Nirupama. "Na huo ukingo ni sawasawa pande zote?"

"Hapana. Unavunjikavunjika, na umeinuka kidogo."

Haripada alifurahi kuulizwa. Kwa miaka yote ya ndoa yao mkewe hakuwa mtu wa kumwuliza mambo. Alimweleza tena, akamchorea kwa kidole juu ya meza, kisha akaenda sokoni akanunua taulo jipya, sabuni, na chupa ya alta aliyoagizwa na mkewe, ile rangi yake nyekundu ya kupaka miguuni.

Wageni wa tatu wakaja, na choa kikaja nao. Safari hii kilikuwa choa hasa, ukingo umevunjika, katikati pasafi. Haripada aliumia, ila moyoni aliridhika kwamba maelezo yake yalikuwa sahihi.

Kisha akapatikana mhandisi wa Durgapur. Ana nyumba yake, hanywi, na mamake alituma ujumbe mapema kuwa mkwe wake hatatoka nje kufanya kazi, kila kitu kipo. Haripada aliusoma ujumbe huo kwa sauti wakati wa kula. Sutapa aliacha wali wake, akainuka. Nirupama alimfuata.

Siku ilipofika, Haripada hakutaka kubahatisha. Alichemsha taulo kwa mkono wake, akalipiga pasi, akaikagua shingo mara mbili. Safi. Gari la wageni liliposimama mlangoni, aliwakaribisha, akawaketisha, akawaomba radhi kidogo, akalichukua taulo kwenda nalo chumba cha nyuma, ili binti ajifute jasho kabla halijaleta balaa.

Akasogeza pazia.

"Geuza shingo," Nirupama alikuwa akisema, kijiti cha pamba mkononi, chupa ya alta wazi mapajani. "Na usicheke, utanifanya nijaze katikati, na baba yako amesema huwa pasafi."