Salamu za Kupeleka kwa Maliro

Kufikia saa nne asubuhi, Mama Masika alikuwa ameshapewa salamu kumi na saba za kuwapelekea wafu.

Nyumba yake pale Butembo ilijaa hadi mlangoni. Jumapili katekista alifundisha kwamba mbinguni watu watatambuana, mume na mke, mama na mtoto. Jumatano habari ikazagaa sokoni kwamba mjane wa Maliro hamalizi wiki. Nani angeiacha nafasi hiyo ipite? Vita ilikuwa na miaka mitatu, na kila ua ulikuwa na mtu wake huko.

Waliingia mmoja mmoja, wakainama sikioni pake. Jirani Kahongya, mjane kama yeye, ambaye tangu azaliwe hajui kunong'ona, alimtuma amwambie marehemu mumewe kwamba yule mbuzi alipatikana, ila yeye bado amekasirika. Watu wakacheka kidogo, wakapangusa macho.

Akabaki Salomon, rafiki wa Maliro, kwenye benchi.

Yeye na Maliro walikuwa wakisukuma pamoja baiskeli za chumvi hadi Manguredjipa. Miaka miwili iliyopita askari waliwasimamisha njiani, na Salomon akarudi peke yake. Alisema walitawanyika porini, akasikia risasi tu. Tangu hapo alimlimia mjane shamba na kumletea maharagi, mpaka mitaa yote ikachoka kumsifu.

"Shemeji," Mama Masika akaita, sauti nyembamba kama uzi. "Weye tu bado haujanituma. Maliro ataniuliza juu yako."

"Umwambie ninamusalimia."

"Ni vile tu? Yeye atanielezea yote, unajua. Kule hakuna mutu wa kufichana."

Salomon aliwaona akilini wale wawili, mke na mume, wakikutana, Maliro akianza kusimulia. Aliiona na siku yake mwenyewe, amefika, nao wamesimama wakimngoja, wamemtambua kutoka mbali.

Kahongya akauliza kwa nini hadi sasa padri hajaitwa kumpaka mgonjwa mafuta. Mama Masika akajibu kwamba hilo lingoje kesho, kisha akaomba wote watoke, abaki na Salomon. Kaka zake Maliro walitoka wa mwisho, wakasimama nje ya mlango.

Mlango ulipofungwa, Salomon alipiga magoti. Akamshika mkono. Ulikuwa na joto, lakini hakulitilia maanani.

"Askari walisema mumoja wetu ni mwasi, tuseme ni nani," akanong'ona. "Mimi nikamuonyesha yeye kwa kidole. Alikuwa ananiangalia. Umwambie nilikuwa na woga, Mama. Anisamehe kabla sijafika kule."

Mama Masika akatupa blanketi, akasimama, akakaza kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda shambani, akaenda kufungua mlango.

"Ingieni," akawaambia kaka zake Maliro. "Amesema."