Waya wa Milango

"Mama, mtoto anakuja!" Mwanatatu alilia kwenye kiti cha nyuma.

Gari liligoma kuwaka. Siku hizi gari haliwaki mpaka kompyuta zake zote ziafikiane, na haruhusiwi mtu yeyote kuzigusa nyaya zake ila mkaguzi wa magari. Mama yake Mwanatatu, Zamda, fundi umeme wa magari, hakumngoja mkaguzi. Alipima kwa mita, akafunua kapeti, akakuta waya wa kompyuta ya milango umetafunwa na panya. Akauunga.

Taa za dashibodi zikawaka.

"Vumilia mwanangu, tunaondoka." Akamfungia mlango, akakimbilia upande wa dereva.

"Nyaya zimeguswa," gari likasema. "Tunamsubiri mkaguzi."

Kupitia waya uleule aliouunga, amri ikafika. Milango yote ikajifunga, Zamda akiwa bado nje. Mwanatatu akapiga kioo kwa ndani.